Ubao wa Saruji na Mapafu ya Watoto Wetu
(Maneno ya walimu mbele ya mkutano wa wazazi)



Sisi tuliovuka mpaka Kasindi tukaingia Bwera tumezoea kujenga kwa fito, udongo na shitingi. Mchwa tunawajua, na moto tunaujua. Tulipopita Kasese, wilaya yenye kiwanda cha saruji pale Hima, tuliutamani ubao wa saruji kwa madarasa yetu. Hauungui, hauliwi na mchwa. Ila haubebi paa. Lazima upigiliwe kwenye fremu imara ya mbao au chuma.

Leo tunaungama kosa letu. Tulipokuwa bado Bwera, wanafunzi walituletea vipande vya kijivu kutoka jengo kuukuu lililobomolewa. Tulifurahi, tukavikata kwa msumeno viwe vibao vya kuandikia. Watoto walivishika, vumbi likatujaa. Fundi mmoja mzee akapita, akasema, "Walimu, acheni! Huenda hiyo ni asbesto."

Alisema kweli. Saruji peke yake hupasuka upesi, kwa hiyo hutiwa nyuzi za kuishika. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ludwig Hatschek wa Austria alitumia asbesto, na karatasi hizo zikaenea duniani. Baadaye ilijulikana kwamba nyuzi hizo zikivutwa hukaa mapafuni na huweza kuleta saratani, mara nyingi baada ya miaka 20 au zaidi. Ubao wa kisasa usio na asbesto una nyuzi za miti au wavu wa nyuzi za kioo. Kwa macho huwezi kuutofautisha na wa zamani. Maabara ndiyo hujua.

Basi wazazi, kipande cha zamani kisikatwe, kisipondwe, kisifagiliwe kikavu. Kiacheni palepale, watoto wakae mbali, na Kamati iarifiwe. Hata ubao mpya una vumbi linaloumiza mapafu: fundi aukate nje, mbali na watoto, kwa kuuchora kwa kisu na kuuvunja, akiwa amevaa barakoa.

Nanyi wafanyakazi wa mashirika, mnapotuletea vifaa vya ujenzi, tuambieni vimetengenezwa kwa nini.

Watoto wa siku ile tunawaona kila asubuhi kwenye mstari. Vumbi lile hatuwezi kulirudisha. La kesho tunaweza kulizuia.