Printa ya Kikundi: Hesabu Kwanza, Mashine Baadaye

(Maongezi kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya zile printa za nyumbani ambazo mashine moja inafanya kazi tatu: inachapa, inapiga kopi na inaskani. Vikundi vingi vinataka kununua moja, kuiweka nyumbani kwa mwanachama aliye na stima, na kuwapigia majirani kopi za vitambulisho na fomu za basari. Wazo ni zuri. Lakini printa ni kama ng'ombe wa gredi: kumnunua ni mara moja, kumlisha ni kila siku. Na chakula cha printa ni wino.

Tufanye hesabu pamoja. Bei hubadilika, kwa hivyo hizi ni za mfano tu. Printa ya bei ya chini kabisa hutumia katriji, na kuna katriji ndogo ambazo mtengenezaji mwenyewe anasema hutoa kurasa 120 hivi. Tuseme katriji ni shilingi 1,800. Gawanya kwa 120. Ukurasa mmoja, wino peke yake, ni shilingi 15! Bado karatasi. Na pale sokoni mwenye duka anapiga kopi kwa shilingi 5. Mkitoza 5 kama yeye, kila mteja anaondoka na kopi yake pamoja na shilingi 10 za kikundi, na nyinyi mnafurahia foleni mlangoni.

Aina ya pili ina matangi madogo unayojaza wino kutoka kwa chupa. Kuinunua ni ghali zaidi, lakini chupa moja nyeusi hutoa maelfu ya kurasa. Tuseme chupa ni shilingi 1,200 na inatoa kurasa 4,000: ukurasa ni senti 30. Rimu ya karatasi 500 kwa shilingi 650 ni shilingi 1.30 kila karatasi. Jumla shilingi 1.60. Hapo mkitoza 5 mnabaki na kitu cha kulipia stima na kuweka akiba ya mashine nyingine, kwa sababu hii nayo itazeeka.

Iko ya tatu, leza, inayotumia unga unaoitwa tona. Unga haukauki hata mashine ikikaa miezi bila kazi. Lakini leza huchoma karatasi kwa joto kali ili unga ushike, na wakati huo inavuta stima nyingi sana. Wenye sola ndogo msiiguse. Na kikundi ambacho kazi yake ni kuandika kumbukumbu za mkutano mara moja kwa mwezi, mimi nasema msinunue yoyote. Nendeni saiba.

Haya, tuseme mmenunua ya matangi. Iwekeni juu ya meza iliyo sawa, mbali na jiko na mbali na dirisha la vumbi. Toeni tepu zote, hata zile zilizofichwa ndani ya kifuniko. Watu wengi huita fundi kumbe ni tepu moja imebaki. Mkijaza wino, kila rangi iingie kwenye tangi lake. Kisha mashine itavuta wino ujaze mipira yake ya ndani. Hiyo huchukua dakika kadhaa, na msiizime kamwe katikati. Msishangae matangi yakishuka kabla hamjachapa hata ukurasa mmoja. Ni mara ya kwanza tu. Baada ya hapo mashine haiinamishwi. Kuifunga kwenye pikipiki ipelekwe mkutanoni ikiwa na wino ni kuiua.

Simu nazo zinaweza kutuma kazi kwa printa yenye Wi-Fi, na nyingi za hizo huongea na simu moja kwa moja bila kutumia bando. Mwacheni kijana wa kikundi aunganishe, lakini watu wawili au watatu wajifunze. Akienda Nairobi je?

Sasa utunzaji. Wino wa maji hukauka kwenye kichwa cha kuchapia. Kila wiki chapeni ukurasa mmoja wenye rangi zote, hata kama hakuna mteja. Mkimaliza kazi, zimeni kwa kitufe cha mashine yenyewe kwanza, ndipo mguse swichi ya ukutani. Ukizima kwa kitufe, kichwa kinarudi mahali pake na kufunikwa. Ukikata stima ghafla kinaweza kubaki wazi na kukauka. Mistari ikikosekana, safisheni kichwa kwa amri iliyo ndani ya mashine, mara moja au mbili, kisha mpumzishe. Kusafisha mara kumi ni kumwaga wino, maana wino huo unaingia kwenye sponji iliyo ndani, na ikijaa mashine itakataa kazi.

Karatasi ikikwama, zimeni, mvute polepole kwa mikono miwili ili isipasuke ndani. Rimu ibaki ndani ya ganda lake, maana msimu wa mvua karatasi hunyonya unyevu na kushikana. Kopi zikitoka na doa pale pale kila mara, pangusa kioo kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Msimwage maji juu yake.

Kabla mteja hajaondoka, inueni kifuniko. Vitambulisho husahaulika pale kila siku, na hati ya shamba iliyosahaulika inaweza kuleta kesi.

Jambo ambalo huvunja vikundi si wino, ni kushukiana. Mashine iko kwa mtu mmoja, pesa ni za wote. Printa nyingi zinaweza kuchapa karatasi inayoonyesha jumla ya kurasa zote zilizotoka tangu mwanzo. Mweka hazina aitoe kila Ijumaa mbele ya watu wawili, aondoe hesabu ya wiki iliyopita, na alinganishe na daftari la pesa. Zilizoharibika zisitupwe, ziwekwe kwenye katoni zihesabiwe pia. Kama kurasa 210 zimetoka, 10 ziko kwenye katoni, na kopi ni shilingi 5, sanduku liwe na shilingi 1,000. Mwenye nyumba hapo analala usingizi, na jirani hana la kunong'ona.

Naona mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja katriji. Tuanze na swali lake.