Habari ya jirani si mali yako



Leo tunazungumza juu ya telefoni. Wengi walipokimbia vita waliacha shamba, mbuzi na masufuria, lakini telefoni ilibaki mfukoni. Kwa telefoni tunajua kama mama angali mzima. Kwa telefoni tunapokea feza, kwa njia ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Basi hatusemi muitupe. Tunauliza tu: ni habari gani tunatoa, na ni za nani?

Katika inchi zetu za Maziwa Makubwa, ulizo hili si jipya. Kule Rwanda, tangu utawala wa Wabelgiji katika miaka ya 1930, kipande cha kila mtu kiliandikwa kabila lake. Mwaka wa 1994, neno lile moja kwenye kipande liliua watu wengi kwenye bariere. Na redio RTLM ilisoma hewani majina ya watu na pahali walipojificha. Sisi tunaosema kwa redio hatuwezi kulisahau jambo hilo. Jina la mtu na pahali anapolala, vikitiwa pamoja katika mikono mibaya, ni silaha.

Sasa tutazame kwetu. Chefu anaandika liste ya familia zilizofika: jina, kijiji walikotoka, hesabu ya watoto, namba ya telefoni. Kazi hiyo ni nzuri, maana bila liste unga hautagawanywa kwa haki. Lakini anaipiga foto na kuituma katika grupu ya WhatsApp, ili pasiwe mtu wa kulalamika. Mbele ya jioni, liste imefika kwa watu asiowajua. Na ndani yake mna kijana aliyetoroka kikundi cha silaha. Mna mama aliyetendewa ubaya kwa nguvu, aliyekuja mbali ili asijulikane. Anayewatafuta hana tena haja ya kuuliza njia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hata wakubwa wanapatwa. Katika Januari 2022, ilijulikana kwamba wezi wa kompyuta walikuwa wameingia katika habari zilizotunzwa na Komite ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Zilikuwa habari za watu zaidi ya 515 000, wengi wao waliotengana na jamaa zao kwa sababu ya vita ao misiba. Ikiwa nyumba yenye walinzi imevunjwa, je, grupu ya watu mia mbili?

Basi, haya ndiyo mashauri yetu.

Kwanza, machefu: liste ikae kwa watu wachache wanaoitumia. Kila familia ionyeshwe mustari wake yenyewe, si mistari ya wengine.

Pili, mbele ya kutuma foto ao sauti ya mtu, umuulize. Akikataa, imekwisha. Mtoto aliyepotea atafutwe kupitia Msalaba Mwekundu na machefu, si kwa kutawanya foto yenye jina la wazazi na pahali analala.

Tatu, namba ya siri ya feza usimpe mtu, hata yule wa kabine anayekusaidia. Uibonyeze mwenyewe. Na mtu akikupigia kusema umepata musaada, umutumie namba sita zilizofika kwa mesaji, ujue anataka kukunyanganya WhatsApp yako. Kisha ataomba feza kwa jamaa zako kwa jina lako.

Ine, tangu mwaka wa 2016 WhatsApp inafunga mesaji njiani, asizisome mtu wa katikati. Lakini telefoni ikishikwa mukononi imefunguliwa, kufuli hiyo haisaidii. Kwa hiyo, mbele ya safari, futa yale yanayoweza kumuponza mwingine. WhatsApp inaweza pia kufuta mesaji yenyewe kisha saa 24, siku 7 ao siku 90, ukiiagiza.

Wengine watasema: "Mimi sina la kuficha." Labda ni kweli. Lakini ndani ya telefoni yako mna namba za shangazi, foto za majirani, sauti ya rafiki aliyelia. Wao hawakukupa ruhusa ya kuamua kwa ajili yao. Habari yako, utoe unavyopenda. Habari ya mwenzako umeazimwa tu.

Hatutaki mukae kwa woga. Anayeogopa kila mtu hawezi kujenga amani, na jamaa wasioitana wanapoteana mara ya pili. Pigeni simu, ulizeni habari, tumeni salamu. Lakini mbele ya kubonyeza, mujiulize: kama hii ikifika kwa adui ya huyu mtu, itakuwaje?

Jioni ya leo, zungumzeni jambo hili nyumbani na vijana, maana ndio wanaojua telefoni kutupita. Nanyi machefu, muulize: liste yetu iko wapi sasa, na nani anayo?

Mubaki na amani.