Wingu la Kwaraa, Upepo wa Bahari

Msikilizaji, hapa Maisaka, mkoani Manyara, wingu likitua juu ya Mlima Kwaraa, mama aliyeanika mahindi hukunja turubai kabla tone la kwanza halijadondoka. Visiwani nako mvuvi husoma rangi ya bahari: asubuhi imetulia kama kioo, mchana ni giza na mawimbi. Ndio uzuri wa hali ya hewa ya visiwa, na ndiyo hatari yake.

Aprili 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu ya Unguja. Jirani yake Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, ikawa ndicho kisiwa cha karafuu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilitishia pwani yetu, kikafika Mafia, kisha kikaishiwa nguvu.

Tusiseme hayo ni ya watu wa baharini. Pepo za Bahari ya Hindi ndizo zinazotuletea mvua, na Desemba 2023, mkoani humu humu, tope la Mlima Hanang liliwafukia wenzetu wa Katesh. Jicho la mzee anayesoma mawingu lina thamani. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa nayo tuisikilize. Dalili ya mvua ni mawingu. Tukiyaona, tuhame bondeni mapema.