Neno la Mama Ndani ya Sanduku

Hotuba ya dada wawili mbele ya wakazi wa kambi ya Dzaleka, Malawi, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni 2024



Kamati ilipotuita tuseme neno katika kumbukumbu hii ya miaka 30 ya kambi yetu, kwanza tulikataa. Tuliona aibu. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Lakini mtungi wetu sisi ulipasuka mbele ya watu, bombani, na wengi mliopo hapa mlisikia. Basi tumeona ni haki pia msikie ulivyoungwa.

Sisi ni dada wawili wa tumbo moja. Anayesoma ni mdogo, kwa sababu macho ya mkubwa yamechoka na uzi wa cherehani. Lakini maneno tumeyapanga wote wawili, na pale tulipobishana tumeandika kwamba tulibishana.

Kwetu ni Fizi, Kivu ya Kusini. Vita vya mwaka 1996 vilitutoa pamoja na mama, tukavuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi. Baba hatukumwona tena. Tulikaa Tanzania, katika kambi ya Lugufu, mpaka ilipofungwa mwaka 2009. Wenzetu wengi walihamishiwa Nyarugusu. Sisi tulishika njia ya kusini, tukaingia Malawi kwa upande wa Karonga, tukaletwa hapa Dzaleka. Safari yote hiyo tulikuwa watu watatu, sufuria moja na blanketi mbili. Tunasema hivyo ili mjue kwamba vita havikuweza kututenganisha. Kilichotutenganisha ni kopo la pesa.

Ilikuwa mwaka 2013. Mdogo alikuwa akikaanga mandazi na kuyauza sokoni, akiweka akiba ya kununua cherehani. Zilikuwa zimefika kwacha 45,000. Aliziweka kwa mama, katika kopo la maziwa, chini ya mkeka. Mwezi huo mtoto wa mkubwa, wa miaka mitatu, akashikwa na malaria kali, damu ikamwishia. Ilibidi gari la kukodi usiku, dawa za kununua, na chakula cha siku 12 Lilongwe. Mama alimpa mkubwa pesa mkononi, akamwambia, "Nimekopa kwa jirani, nenda." Mkubwa hakuuliza ni jirani gani. Mtoto akiwa katika hali ile, nani angeuliza?

Mtoto alipona. Wiki chache baadaye mdogo akaenda kuchukua pesa zake, akakuta kopo tupu. Alijua kwamba mkubwa alilala nyumbani kwa mama usiku ule. Hakungoja. Asubuhi, kwenye foleni ya maji, mbele ya ndoo na watu, alimwita yaya wake mwizi. Alisema neno hilo mara tatu. Mkubwa akaacha ndoo yake pale pale, akaondoka.

Na mama? Mama alinyamaza.

Ndugu wasikilizaji, tangu siku ile hatukusalimiana kwa miaka tisa. Tuligawanya kadi ya mgao, mdogo akaandikwa nyumba yake na mkubwa yake. Siku ya kugawa chakula mmoja wetu alikuja asubuhi na mwingine jioni, tusikutane. Watoto wetu walisoma shule moja bila kujuana kuwa ni ndugu. Mdogo alipita mlangoni kwa mtoto yule aliyepona asimwambie hata jambo. Mama alikuwa akila kwa mmoja leo na kwa mwingine kesho, wala hakupeleka habari za huku kule.

Mama alifariki Septemba 2022. Siku ya tatu ya matanga tulikuwa tumeketi kila mmoja upande wake wa turubai, waombolezaji wakiwa katikati yetu. Ndipo wakaja wanawake watatu ambao hatukuwajua vizuri. Kila mmoja alikuwa na ufunguo shingoni. Walisema, "Tumekuja kwa ajili ya mwenzetu. Ana kitabu kwetu."

Hapa lazima tueleze kidogo, maana wapo vijana wasiojua. Hao walikuwa wa kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho wenyeji wetu Wamalawi wanakiita banki mkhonde, yaani benki ya barazani, kwa sababu watu hukutana barazani kwa mwenzao. Mtindo wa vikundi hivi ulianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991, ukaenea Afrika nzima. Sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mshikaji wake, hivyo halifunguliwi na mtu peke yake. Kila wiki mwanachama hununua hisa, kuanzia moja mpaka tano, na kila hisa hugongewa mhuri katika kitabu chake. Wanaokopa hurudisha na faida. Mwisho wa mzunguko kila mtu hupata hisa zake na faida yake. Upo pia mfuko wa jamii wa kusaidiana katika misiba, na hao akina mama watatu walileta pia pesa za sanda kutoka mfuko huo.

Tulishangaa wote. Mama yetu hakujua kusoma. Tulijua anauza lenga-lenga na kusuka mikeka, tukidhani ni za chumvi na sabuni tu. Kumbe kila Alhamisi alikuwa barazani. Tangu Januari mwaka ule kitabu chake kilikuwa na mihuri 98, na kila hisa ilikuwa kwacha 500. Wiki nyingine mihuri mitatu, wiki nyingine mmoja. Ukiitazama mihuri ile unaona wiki alizougua.

Akina mama wale walituambia kwamba pesa zitatolewa mwezi wa Desemba, siku ya mgawanyo, lakini mama aliacha sharti. Katika ukurasa wa mrithi aliwaandika watoto wake wawili, akasema wasipewe mpaka waje pamoja na kutia dole gumba pamoja. Akija mmoja peke yake, arudishwe.

Basi kabla ya Desemba baba yetu mdogo, ndugu ya marehemu baba, alikuja akisema mali ya marehemu ni ya ukoo, na ukoo hapa kambini ni yeye. Hatusemi alikuwa mtu mbaya. Ndivyo alivyoona kwa wazazi wake. Wazee wa kamati walituketisha wote na kutueleza sheria kwa upole. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema warithi wa kwanza ni watoto, wasichana sawa na wavulana, na robo tatu za urithi ni zao, wagawane sawasawa. Robo inayobaki ni ya mume au mke, wazazi na ndugu wa marehemu mwenyewe. Ndugu ya mume si mmoja wao. Na hapa Malawi sheria ya mirathi ya mwaka 2011 inahesabu kunyang'anya mali ya marehemu kuwa kosa la jinai. Baba mdogo alisikiliza, akakubali. Baadaye tulimpelekea sukari na kitenge, kwa heshima, maana ndiye mzee tuliyebaki naye.

Desemba ilipofika tulikwenda, mmoja mbele, mwingine nyuma, hatua kumi kati yetu. Sanduku lilifunguliwa. Pesa zilihesabiwa kwa sauti, kama ilivyo desturi: hisa 49,000, na faida ya kwacha 120 kwa kila hisa, ambayo ni 11,760. Jumla 60,760. Kisha katibu wa kikundi akafungua ukurasa wa mwisho wa kitabu. Akasema, "Mama yenu aliniambia niandike haya, na nisiwasomee mpaka mmekaa wawili."

Mama alisema hivi: "Pesa za kopo nilizichukua mimi. Mtoto alikuwa anakufa. Nilitaka kuzirudisha kwanza ndipo niseme. Kila mwaka mgawanyo ulikuja nikaula kwa njaa au ugonjwa. Kwacha 45,000 ni za mdogo. Zinazobaki gawaneni. Mkubwa hakuiba. Hakujua."

Wengi wanaposikia habari hii hudhani kwamba hapo tulikumbatiana. Hatukukumbatiana. Mdogo aliinama kichwa, akashindwa kukiinua. Mkubwa alisimama, akatoka nje, akakaa juu ya jiwe. Hakulia kwa furaha. Alisema, "Mama alijua. Miaka tisa naitwa mwizi, na mama alijua." Pesa zile alikataa kuzigusa. Kwa muda wa miezi mitatu alikataa hata kwenda kupalilia kaburi.

Mdogo alimwendea nyumbani mara mbili na wazee, kuomba msamaha. Mara zote mbili mkubwa alisikiliza, akawapa wazee maji ya kunywa, akasema, "Nimesikia." Zaidi ya hapo hakusema. Mara ya tatu mdogo alikwenda peke yake, akauliza, "Yaya, unataka nifanye nini?" Mkubwa akajibu, "Ulinitukana wapi?"

Basi mdogo akaelewa. Kesho yake alfajiri, foleni ikiwa imejaa, alikwenda bombani. Alisema mbele ya wote: "Mwaka 2013, mahali hapa, nilimwita dada yangu mwizi mara tatu. Hakuiba. Nilisema uongo ingawa sikujua ni uongo. Dada yangu si mwizi. Dada yangu si mwizi. Dada yangu si mwizi." Akina mama wengine walikuwa wageni wasiojua lolote, wakatazamana. Lakini wapo waliokuwapo mwaka ule, na mmoja wao alimchukulia mkubwa ndoo, akampisha mbele ya foleni. Tulirudi nyumbani njia moja. Hatukuzungumza sana. Tulizungumza habari za maji tu.

Kuhusu pesa, tulibishana tena, lakini safari hii kwa heshima. Mkubwa alisema zote ni za mdogo, kwa sababu deni la marehemu hulipwa kwanza kabla warithi hawajagawana, na mtoto aliyepona ni wake. Mdogo alisema hataki hata moja, kwa sababu deni lake yeye kwa yaya ni kubwa kuliko kwacha 45,000. Tena pesa zile hazikuwa na nguvu ile ya zamani. Thamani ya kwacha ilishushwa kwa asilimia 25 mwezi Mei 2022, na ambacho 45,000 ingenunua mwaka 2013 haikununua tena. Mwishowe tulikubaliana kufanya kile ambacho pesa zilikuwa zimewekwa kufanya tangu mwanzo. Mkubwa aliuza mbuzi wake mmoja, mdogo akaongeza akiba yake, tukanunua cherehani kuukuu la kukanyaga kwa mguu. Tunashona sare za shule barazani kwa mkubwa. Tunagombana bado, juu ya bei na juu ya nani alipoteza mkasi. Lakini tunagomba tukiwa tumeketi benchi moja. Na yule mtoto sasa ana miaka 14, yuko darasa la nane, na vifungo vyote vya sare tunazoshona ni kazi yake jioni.

Mama tumemsamehe? Mkubwa anataka isemwe wazi kwamba ilimchukua muda kuliko kumsamehe mdogo wake. Mama hakunyamaza kwa ubaya. Alinyamaza kwa aibu, akitumaini kulipa kwanza. Kila siku iliyopita, ukweli ukawa mzito zaidi kuutamka. Sisi tuliokimbia tunayajua hayo. Yapo mengi tuliyoyafanya njiani ili mtoto aishi, na hatujayasema.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunawaomba mambo matatu. Kwanza, wazazi, semeni mkiwa hai. Deni la pesa linaweza kulipwa na sanduku hata ukiwa umekufa, lakini miaka tisa ya watoto wako hakuna sanduku linaloirudisha. Pili, ninyi wa vikundi, msiache ukurasa wa mrithi wazi. Jazeni majina, mbele ya mashahidi, hata kama hisa ni moja. Na ninyi wenzetu wa mashirika mnaofundisha hesabu za vikundi, fundisheni na ukurasa huo. Tatu, aliyemvunjia mwenzake heshima hadharani asiende kuirudisha gizani. Airudishe pale pale alipoivunja.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, na sasa tumepita watu 50,000 mahali palipopangwa kwa sehemu ndogo tu ya hao. Nyumba zetu zimebanana, ukuta wa huyu ni ukuta wa yule. Hatuna mashamba ya kuwaachia watoto wetu hapa. Lakini mama yetu, na mihuri yake 98, alituachia kila mmoja dada.

Kaburi tumelipalilia wote wawili, Jumamosi iliyopita.