Mtoto mchanga amelala: tumwamshe?

Ndugu msikilizaji, juma hili sizungumzii siasa wala bei ya mahindi. Nataka tuzungumze juu ya usingizi. Si usingizi wako wala wangu, bali wa mtoto mchanga.

Mwezi Julai mwaka jana nilikwenda nyumbani Kidugala, huko kati ya Makambako na Njombe, kumpongeza mdogo wangu wa kike. Alikuwa amejifungua siku tano kabla. Anayeijua Julai ya kwetu hahitaji maelezo: zipo asubuhi unatoka nje ukakuta nyasi nyeupe kwa barafu. Mtoto nilimkuta amefungwa mablanketi matatu, amelala. Nikanywa chai, nikala viazi, bado amelala. Jioni ikaingia, amelala.

Mama yetu alifurahi sana. "Huyu ni mtulivu kama babu yake," akasema. "Tangu saa mbili usiku hadi alfajiri hamsumbui mtu." Mdogo wangu alipotaka kumwamsha anyonye, mama akamzuia: "Mwache mtoto. Akisikia njaa atalia. Wewe nilikulea hivyo hivyo, mbona umekua?"

Nami nikamuunga mkono mama. Nakiri hapa mbele yenu kwamba nilimwambia mdogo wangu alale tu, ashukuru Mungu kwa kupata mtoto asiyesumbua.

Kesho yake tukampeleka zahanati. Mtoto aliyezaliwa na kilo 2.6, mzani ukasoma kilo 2.3. Muuguzi akamsogeza dirishani penye mwanga, akamtazama macho, yakawa ya manjano. Akauliza swali moja tu: "Usiku ananyonya mara ngapi?" Tukatazamana.

Hakutugombeza. Alitueleza kwamba kila mtoto hupungua kidogo siku za kwanza, lakini akipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, hapo pana jambo. Huyu wetu alikwisha kuvuka. Kisha akatuambia neno ambalo sitalisahau: mtoto mchanga mwenye njaa si lazima alie. Akikosa maziwa hupungukiwa nguvu. Akipungukiwa nguvu hulala zaidi. Akilala zaidi hanyonyi. Ile manjano nayo hutoka mwilini kwa njia ya choo. Asiponyonya hapati choo, na manjano ikizidi humfanya alale zaidi. Kumbe utulivu tuliokuwa tukiusifu ulikuwa udhaifu!

Alituandikia barua, tukaenda hospitali siku ile ile. Mtoto akapimwa damu. Kwa bahati manjano ilikuwa haijafikia kiwango cha kulazwa chini ya taa. Tulirudi nyumbani na agizo moja: anyonye, hata kama amelala.

Basi, tumwamshe au tumwache? Ndugu msikilizaji, jibu linategemea mtoto amefika wapi. Katika siku za mwanzo mtoto hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwamo. Kama hajarudia uzito aliozaliwa nao, jambo ambalo kwa kawaida huchukua siku 10 hadi 14, asipitishe saa tatu au nne bila kunyonya. Mwamshe. Aliyezaliwa njiti, mwenye uzito mdogo au mwenye manjano, mwamshe kwa ratiba aliyokupa mtaalamu. Lakini mtoto aliyetimiza siku zake, aliyekwisha kurudia uzito wake, anayeongezeka vizuri na kulowesha nepi sita au zaidi kwa siku, huyo mwache alale. Njaa itamwamsha.

Na kumwamsha si kumtikisa. Mfungue yale mablanketi, mbadilishe nepi, msugue nyayo taratibu, mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kisha wafunikeni wote wawili. Joto la mama linamtosha. Jiko la mkaa msiliingize chumbani kwa kisingizio cha baridi. Moshi wake usioonekana umekwisha kuua wengi.

Ukimwamsha akakataa kabisa kunyonya, au amelegea, ana homa, mwili umekuwa wa baridi, anahema kwa shida au ana degedege, usingoje kukuche. Mpeleke hospitali. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini mwetu, 24 hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja.

Sasa niwaguse wanaume wenzangu. Tuliporudi, mdogo wangu alikuwa hoi. Nani angemwamsha yeye? Shemeji akatega simu ilie saa nne, saa saba na saa kumi. Ikilia, yeye ndiye aliyewasha taa, akabadilisha nepi, akamkabidhi mama mtoto. Nami nilichemsha uji. Usiku wa kwanza mama yetu alinung'unika kwamba watoto wa siku hizi wanalelewa kwa saa. Usiku wa tatu nilimkuta ameamka kabla ya simu, ameketi kitandani, anamsugua mjukuu nyayo.

Siku ya 16 mzani ulisoma kilo 2.6. Macho yalikwisha kuwa meupe. Mama akamfunga mtoto mgongoni kwa binti yake, akatugeukia: "Haya, sasa mwacheni mwanangu alale." Safari hii alikuwa na haki, na sote tukamtii.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mimi naongeza kwamba kazi yenyewe huanza saa saba za usiku, na si ya mama peke yake.