Kuangalia Chemchemi na Vijito Karibu na Machimbo ya Bati

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za maji yatokayo chini ya vilima vichimbwavyo bati.

Bati limechimbwa katika nchi hii tangu miaka ya 1920, zamani kabla Kyerwa haijatengwa na Karagwe mwaka 2012 ikawa wilaya peke yake. Madini yenyewe ni mawe meusi, na uzito wake wakaribia mara saba ya uzito wa maji. Kwa hiyo mchimbaji huyaosha: maji huchukua udongo na mchanga, na bati hubaki chini. Kazi hiyo imewapa watu wengi karo za watoto na mabati ya nyumba, wala hatukuja kuitukana. Lakini tope lililooshwa halikosi mahali pa kwenda, na mara nyingi mahali penyewe ni kijito ambacho jioni mtoto ataingiza dumu lake.

Yafaa kwanza tuondoe dhana moja. Husemwa kuwa kila machimbo hutia zebaki majini. Zebaki hutumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu, kwani hushikamana na dhahabu. Bati halina haja nayo. Mtu akiwashtaki wachimba bati kwa zebaki atashindwa, na neno lake la kweli juu ya tope halitasikilizwa tena. Hatari za bati ni nyingine: tope, chemchemi kupungua maji yanapogeuzwa njia, na katika baadhi ya miamba, madini yenye salfa na aseniki. Mwamba wenye salfa ukifukuliwa ukapata hewa na maji, maji huwa makali kama siki, nayo huyeyusha metali. Aseniki haina rangi wala harufu wala ladha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini aseniki hubaki sufuriani vile vile.

Mwezi wa Mei 2009 maji makali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara, wilayani Tarime, yakaingia mto Tigithe, na mabishano yaliyofuata yalikuwa marefu. Katika mabishano ya namna hiyo swali la kwanza huwa hili: maji yalikuwaje kabla? Asiye na maandishi hujibu kwa kumbukumbu, na kumbukumbu haina nguvu barazani. Kwa hiyo twawaomba mwanze sasa, hata kama kilimani kwenu sululu haijapigwa bado.

Kwa chemchemi iliyowekewa bomba, chukueni debe la lita 20 na saa. Debe likijaa kwa sekunde 40, chemchemi yatoa lita 30 kwa dakika. Likijaa kwa sekunde 60, yatoa lita 20. Andikeni tarehe, na kama mvua imenyesha, kwa maana kati ya Juni na Agosti chemchemi hupungua zenyewe bila kuguswa na mtu.

Kwa kijito, tekeni maji katika chupa mbili nyeupe, moja juu ya machimbo na moja chini yake, siku ile ile. Ziacheni zitulie usiku kucha, kisha pimeni kwa rula unene wa tope lililotuama. Chupa ya juu ndiyo shahidi wenu. Mvua huleta tope la mashamba na barabara pia, na Kagera huwa wa kahawia kwa udongo wa Burundi, Rwanda na kwetu. Chupa moja pekee haithibitishi neno. Wanafunzi wainue na mawe, wahesabu wadudu wakaao chini yake. Tope likijaza nafasi zile, wadudu hutoweka hata kabla samaki hawajapungua.

Aseniki ni kazi ya maabara. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 10 kwa lita, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Ombeni kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria kupitia serikali ya kijiji, mkionyesha kitabu chenu cha vipimo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, yaani hatua kama 80 za mtu mzima. Nayo pia yaweza kupimwa na kuandikwa.

Kipimo kimoja kwa mwezi chatosha, na baada ya mvua kubwa kiongezwe kingine. Kitabu kikae shuleni, na nakala yake kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Mwalimu akihamishwa, kitabu kibaki.