HAKIMU NA MTAWALA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Bariadi)



Tumeombwa kunena juu ya mahakama na siasa katika nchi mbalimbali. Tuanzie nyumbani. Zamani, Bariadi ilipokuwa ingali ndani ya Wilaya ya Maswa, mtemi ndiye aliyetoza kodi, na ndiye aliyeketi barazani kuhukumu. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 iliziondoa baraza hizo katika usimamizi wa Mahakama Kuu, ikaziweka chini ya mabwana shauri. Asiyeridhika alikata rufani kwa Bwana Shauri, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Basi aliyeonewa na Serikali alipanda ngazi yote, na kila kidato aliikuta Serikali ile ile imeketi. Utawala wa watemi ulikomeshwa mwaka 1963, zikaja Mahakama za Mwanzo, nazo zikawekwa chini ya Mahakama Kuu. Jambo hili, kwa maoni yetu, halisifiwi kama lipasavyo.

Majirani je? Septemba 1972, askari wa Idi Amin walimkamata Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, katika Mahakama Kuu, Kampala, wala hakurudi. Lakini Kenya, tarehe 1 Septemba 2017, majaji chini ya David Maraga walitangua uchaguzi wa Rais. Uhuru Kenyatta alinung'unika hadharani, lakini alitii. Malawi nayo ilifanya vivyo hivyo Februari 2020. Kwetu, ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 1977 ilizikataza mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyekwisha kutangazwa na Tume. Julai 2020 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilihukumu kwamba katazo hilo lavunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu.

Na sisi makarani? Shauri laweza kufa kabla jaji hajalisikia. Jalada halionekani; hati ya kumwita shahidi haipelekwi; nakala ya hukumu hucheleweshwa hata siku za rufani zikapita, na pengine ni kwa sababu mkubwa fulani ameleta salamu. Mkulima wa pamba wa Dutwa haijui ibara ya 41. Ajualo ni kuambiwa "njoo kesho" mara tano.

Kwa hiyo twaomba liwepo daftari katika kila masijala, iandikwe siku nakala ilipoombwa, siku ilipotolewa, na jina la karani aliyeitoa. Bwana Mwenyekiti, tu tayari kwa maswali.